Fataki kwa infraredi na ultravioleti: picha imekataa, uanzie wapi?

Wanaojaribu kupiga picha za fataki nje ya mwanga unaoonekana huja na malalamiko yale yale. Picha nyeusi. Picha iliyoungua ikawa nyeupe. Michirizi minene kama kamba iliyolowa. Doa la ajabu katikati. Na lipo moja ambalo mwenyewe halalamikii kwa sababu hajalijua: picha nzuri kabisa ya "ultravioleti" ambayo ndani yake hamna ultravioleti hata chembe. Hilo nitalikalia muda mrefu kuliko mengine.

Msingi kidogo kwanza. Jicho huona takriban nanomita 400 hadi 700. Chini ya 400 ni ultravioleti, au urujuanimno. Juu ya 700 ni infraredi. Sensa ya silikoni, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, huona hadi karibu nanomita 1100 upande wa infraredi, na upande wa ultravioleti hujikokota hadi kwenye 350 hivi, kwa udhaifu mkubwa. Watengenezaji huweka kioo mbele ya sensa ili kuzuia pande zote mbili. Kamera "iliyofunguliwa" ni ile iliyotolewa kioo hicho na kuwekewa kingine kinachopitisha wigo mzima. Infraredi ninayoizungumzia hapa ni ya karibu. Kamera za kupima joto, zinazoona mikromita 8 hadi 14, ni chombo kingine kabisa.

Picha ya ultravioleti ni nyeusi tupu

Anza na mambo mepesi. Je, umeacha ile filta ya kulinda lenzi, ile inayouzwa kama filta ya UV? Kazi yake ni kuzuia kitu unachokitafuta. Ivue. Je, unapiga ukiwa nyuma ya dirisha? Kioo cha dirisha hupunguza ultravioleti, na plastiki ya polikaboneti huizima karibu yote. Toka nje.

Kama hayo si tatizo, uliza kama kamera imefunguliwa kweli. Kamera ya kawaida haitakupa kitu. Hakuna mpangilio wa menyu utakaokipita kioo kilicho mbele ya sensa, kwa hiyo usipoteze usiku mzima ukipandisha ISO, yaani unyeti wa sensa kwa mwanga.

Sababu inayofuata ni kosa la kufikiri, nalo huwakumba hata wapigapicha wazoefu: kutegemea muda. Katika picha ya usiku ya jengo, ukiacha shata wazi mara mbili zaidi, jengo linang'aa mara mbili zaidi. Cheche ya fataki inakimbia. Inapita juu ya pikseli moja kwa sehemu ndogo sana ya sekunde kisha imekwenda, na sekunde kumi zijazo haziongezi kitu kwenye pikseli ile. Muda huamua ni milipuko mingapi itaingia kwenye fremu. Mng'ao wa mchirizi huamuliwa na tundu la lenzi na ISO. Kwa ultravioleti mimi huanza na tundu lililo wazi kadiri lenzi inavyoruhusu, f/4 au pana zaidi (namba ndogo ni tundu pana), na ISO 1600 hadi 3200, kisha napanda kutoka hapo. Ukibaki kwenye f/11 na ISO 100 za picha ya kawaida, utapata weusi hata ukiacha shata wazi dakika nzima.

Halafu iko lenzi yenyewe. Lenzi za kisasa zina vipande vingi vya kioo, gundi kati ya baadhi yake, na tabaka nyingi za kupunguza mwakisiko. Vyote hivyo hula ultravioleti. Lenzi rahisi za zamani zenye vipande vichache mara nyingi hupitisha zaidi. EL-Nikkor 80mm f/5.6, lenzi ya mashine ya kukuzia picha, ile ya zamani yenye mwili wa chuma, inapendwa kwa sababu hiyo, ingawa haina pete ya fokasi na lazima uifunge kwenye adapta yenye pete hiyo. UV-Nikkor 105mm f/4.5 ilitengenezwa mahsusi kwa kazi hii, na bei yake inasema hivyo. Kujua lenzi yako iko wapi, fanya hivi: mchana wa jua, lenzi mbili au tatu, mandhari moja, filta moja, mipangilio ile ile. Linganisha ung'avu. Dakika kumi tu, na utakuwa na jibu la maisha. Usikwangue tabaka la lenzi ukidhani utaifungulia njia, utaiharibu tu.

Mwisho, huenda hakuna kosa. Fataki nyingi hazitoi ultravioleti ya kutosha. Cheche za dhahabu za mkaa zina joto la Kelvini 1500 hivi, na kwa joto hilo kiasi kinachotoka chini ya nanomita 400 hakifai hata kuhesabiwa. Hata kitu chenye Kelvini 3000 hutoa chini ya sehemu moja kwa mia ya nguvu zake katika eneo hilo. Ngojea nyeupe kali: magnesiamu, alumini, titaniamu. Magnesiamu ina mistari yake karibu na nanomita 383, na alumini kwenye 394 na 396, pembezoni kabisa mwa filta nyingi za ultravioleti. Milipuko ya fedha na ile ya kumulika ghafla ndiyo itakayokulipa.

Picha ya ultravioleti imetoka vizuri, ila inafanana mno na ya infraredi

Hapa ndipo wengi wamedanganyika, nami naomba msomaji anisikilize kwa makini. Filta nyeusi zinazopitisha ultravioleti, kama zile za kioo cha Schott UG11 au Hoya U-340, zina mlango wa pili. Zinazuia mwanga unaoonekana vizuri sana, kisha zinavujisha nyekundu ya mbali na infraredi kuanzia maeneo ya nanomita 700. Kwa macho filta ni nyeusi tii. Kwa sensa iliyofunguliwa, ambayo ina nguvu kubwa upande wa infraredi na udhaifu upande wa ultravioleti, uvujaji mdogo unatosha kuimeza picha nzima.

Na fataki ndizo mbaya zaidi kwa jambo hili. Baruti ina nitreti ya potasiamu. Mchanganyiko mwingi wa rangi una perikloreti ya potasiamu. Potasiamu inapowaka hutoa mistari miwili mikali kwenye nanomita 766.5 na 769.9, ambako filta hizo huenda zinavuja. Juu ya hapo, kila cheche ya mkaa na kila chembe ya chuma inamwaga infraredi kwa wingi. Kwa hiyo utaona michirizi mirefu, minene, yenye maelezo tele, na utafurahi. Siyo ultravioleti.

Dalili ya kwanza ya kushtukia ni mkaa. Ukiona mikia ya dhahabu iliyolegea kama matawi ya mti uliolala inang'aa kwenye picha yako ya ultravioleti sawasawa na milipuko ya fedha, mwanga umevuja. Ultravioleti ya kweli huichagua fedha na kuiacha dhahabu gizani.

Jaribio rahisi: weka mbele ya filta yako miwani ya polikaboneti isiyo na rangi, ile ya kujikinga na vumbi kazini. Polikaboneti huzuia ultravioleti na kuiachia infraredi. Piga picha na miwani, kisha bila miwani, mipangilio ikiwa ile ile. Chochote kinachobaki kwenye picha ya kwanza si ultravioleti. Kama picha mbili zinafanana, kwaheri.

Jaribio la pili la mchana: mpake mtu mafuta ya kujikinga na jua kwenye nusu ya uso, umpige picha. Katika ultravioleti nusu hiyo hugeuka nyeusi. Katika infraredi haionekani kabisa. La tatu ni majani ya mti. Kwenye infraredi huwa meupe kama yamepakwa chokaa, jambo ambalo Robert W. Wood alilionyesha kwa picha zake mwaka 1910. Kwenye ultravioleti huwa meusi.

Tiba ni kuongeza filta ya pili inayozuia infraredi na kupitisha ultravioleti. Kioo cha Schott S8612 au BG39 chenye unene wa kama milimita 2, kikipandishwa juu ya UG11 au U-340, kwa kawaida hufunga mlango ule wa pili. Baada ya kukipandisha rudia jaribio la miwani. Unene mdogo hauzuii vya kutosha. Njia nyingine ni filta ya tabaka iliyotengenezwa ikiwa imefungwa pande zote, kama Baader U, ambayo hupitisha takriban nanomita 320 hadi 390. Filta za namna hii zinahitaji mwanga uzipitie moja kwa moja. Ukitumia lenzi pana sana, pembeni mwa picha tabia yake hubadilika. Lenzi ya milimita 50 kwenda juu ni salama zaidi.

Onyo kuhusu majaribio ya mchana: usiichungulie kamera yenye kioo cha kuchungulia cha moja kwa moja ukiwa umeielekeza kwenye jua, hata kama filta inaonekana nyeusi. Giza unaloliona ni la mwanga unaoonekana tu. Miale mingine inapita na inaunguza jicho bila kukuonya. Ukitumia tochi ya ultravioleti kujaribia, vaa miwani inayozuia miale hiyo wala usiielekeze usoni mwa mtu.

Picha ya infraredi: fataki zote zimeungua, au zote zina rangi moja

Kuungua kwanza. Kwa kamera iliyofunguliwa na filta ya nanomita 720, inayopitisha kuanzia hapo kwenda juu, fataki hazina upungufu wa mwanga, zina ziada. Kitu chenye Kelvini 2000 hutoa chini ya sehemu moja kwa mia ya nguvu zake katika mwanga unaoonekana, na nyingi ya zilizobaki ziko infraredi. Mkaa uliokuwa hafifu machoni unakuwa mfalme. Anza na ISO 100 au 200 na f/8, punguza hadi f/11 inapobidi, na ufunge shata baada ya mlipuko mmoja au miwili. Milipuko sita iliyorundikana mahali pamoja itaungua kwa mpangilio wowote.

Kagua histogramu ya rangi tatu, ile grafu ya mgawanyo wa mwanga, usiitazame ile moja ya ung'avu peke yake. Mara nyingi nyekundu imeshagonga ukuta wakati ung'avu wa jumla unaonekana mzima.

Wapo wanaofunga filta ya kijivu ya kupunguza mwanga na kushangaa haipunguzi. Filta nyingi za namna hiyo zimetengenezwa kwa mwanga unaoonekana, na infraredi inapita kama hakuna kitu. Tumia tundu la lenzi.

Kuhusu rangi moja: si hitilafu. Nyekundu ya strontiamu, kijani ya bariamu na buluu ya shaba ni rangi za mwanga unaoonekana, na filta imezizuia. Kinachobaki ni potasiamu ile ile iliyomo karibu katika kila fataki, na joto la cheche. Ukivuka nanomita 800 hivi, hata rangi ndogo zilizopakwa juu ya pikseli za sensa huwa wazi karibu sawa kwa infraredi, kwa hiyo sensa haina njia ya kutofautisha. Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, ufanye kazi na maumbo. Ukitaka rangi kidogo, tumia filta inayoanzia chini zaidi, ya nanomita 590 au 665, inayochanganya nyekundu inayoonekana na infraredi.

Ikiwa picha yote ni nyekundu nzito au ya zambarau, hiyo ni mizani ya weupe tu. Piga faili ghafi (RAW), urekebishe baadaye.

Michirizi ni minene, haina makali

Sababu kubwa ni fokasi iliyowekwa kwa mwanga wa kawaida. Kioo hupinda kila urefu wa wimbi kwa kiasi chake. Infraredi hupindwa kwa kiasi kidogo kuliko mwanga unaoonekana, hivyo picha hujiunda nyuma kidogo, na pete ya fokasi huhitaji kugeuzwa kama unayelenga kitu cha karibu zaidi. Lenzi nyingi za zamani zina nukta nyekundu au alama ya R kwa ajili hiyo. Kwa ultravioleti mwelekeo unategemea lenzi, kwa hiyo usikariri kanuni.

Njia ya uhakika: mchana, filta ikiwa imefungwa, lenga kitu cha mbali sana ukitazama skrini ya nyuma ya kamera, ukuze, ugeuze pete taratibu hadi kingo zikaze. Kisha ifunge pete kwa utepe wa gundi. Usiku zima fokasi ya kiotomatiki. Fataki iliyo mamia ya mita kutoka kwako, kwa lenzi ya milimita 50 au 80, ni sawa na umbali usio na mwisho. Ukibadilisha filta, rudia kazi yote. Fokasi ya filta ya 720 si fokasi ya filta ya 850, wala si ya ultravioleti.

Ikiwa bado kuna ukungu, tazama kama michirizi yote imetetemeka kwa umbo moja. Hapo ni stendi ya miguu mitatu, upepo au kidole chako. Tumia kifyatulio cha waya, kwa sababu nitakayoieleza punde. Na usifunge tundu kupita f/11 kwa infraredi. Mawimbi marefu hutawanyika zaidi kwenye tundu dogo na ukali unapungua mapema kuliko ulivyozoea.

Doa jeupe katikati, au mng'ao ambao haukuwepo

Yatenganishe mambo mawili. Doa la duara katikati, linaloonekana zaidi moshi unapomulikwa na linalokaza unapofunga tundu, ni mwakisiko ndani ya lenzi. Tabaka zake hazikutengenezwa kwa infraredi. Fungua tundu stopu moja au mbili (kila stopu huingiza mwanga mara mbili). Likibaki, badilisha lenzi. Hakuna fundi atakayelitoa, na lenzi ya bei kubwa inaweza kuwa nalo wakati ya kawaida haina.

Mng'ao wa pembeni au wa upande mmoja una chanzo kingine. Funika lenzi, piga sekunde 30 gizani. Ukiona mng'ao bado:

- Kifyatulio cha mbali kinachotumia infraredi kilipiga mwanga wake kwenye sensa. Ndiyo maana nikasema waya.
- Mwanga umeingia kupitia kioo cha kuchungulia. Kifunike.
- Kifuniko cha lenzi chenyewe kinapitisha infraredi. Plastiki nyingi nyeusi ni wazi kwa infraredi. Funga karatasi ya alumini juu yake, rudia.
- Ndani ya kamera kuna taa ndogo ya infraredi inayofuatilia shata. Baadhi ya kamera zina hiyo, na baada ya kufunguliwa wigo mwanga wake huonekana. Punguza muda wa kila picha kwanza. Isipotosha, ni kazi ya fundi.

Kama giza ni safi, tatizo liko uwanjani. Kamera za ulinzi humulika kwa nanomita 850. Taa za barabarani za sodiamu hutoa infraredi kali karibu na 819, wakati taa za LED nyeupe hazitoi karibu chochote. Mtaa mmoja unaweza kuonekana una nusu ya taa zake zimezimwa.

Moshi umefunika kila kitu

Kwa ultravioleti tegemea ukungu. Hata hewa safi hutawanya mwanga wa nanomita 365 mara 16 kuliko wa 730, na moshi unaongeza juu yake. Piga dakika za mwanzo, kaa upande ambao upepo unautoa moshi mbele yako. Infraredi hupenya moshi mwepesi vizuri zaidi, lakini wingu zito la baruti ni ukuta kwa kila urefu wa wimbi.

Usitatue hili kwa kusogea. Ukibanwa na moshi, tumia lenzi ndefu zaidi ukiwa nyuma ya kamba ya usalama. Na ukikuta fataki iliyoanguka bila kulipuka, hata kesho yake asubuhi, usiiguse, usiisogeze kwa mguu, usiinamie kuipiga picha. Waite waliorusha au zimamoto.

Chengachenga nyingi, na kamera inagoma kati ya picha na picha

Chengachenga ni vile vidoa vidogo vinavyotapakaa kwenye picha za muda mrefu au za ISO kubwa. Kugoma ni ule mpangilio wa kuzipunguza kwenye picha za muda mrefu. Baada ya picha ya sekunde 8, kamera hupiga nyingine ya sekunde 8 ikiwa imejifunga, ili ilinganishe. Wewe unakosa milipuko. Uzime. Badala yake, onyesho likiisha, piga picha kadhaa za giza lenzi ikiwa imefunikwa, mipangilio ile ile, kisha uzitoe kwenye zile nyingine kwa programu.

Filta imepata utando mweupe

Vioo vya UG11, BG39 na S8612 haviipendi hewa yenye unyevu. Uso wake huliwa polepole. Utando mwepesi huenda ukatoka kwa kitambaa laini na alkoholi. Ukiona umekuwa wa kudumu, usiusugue kwa dawa ya meno wala unga wowote. Mpelekee mtu anayeng'arisha vioo vya macho, au uibadilishe. Hifadhi filta na vifuko vya kukausha unyevu.

Kamera imefunguliwa, na sasa haifokasi mbali

Kioo kilichowekwa mbele ya sensa kina unene tofauti na cha awali, kwa hiyo mahali pa picha pamehama. Jaribu lenzi nyingine kwanza. Kama zote zinagoma kwa namna moja, kosa liko kwenye kamera, na hapo weka bisibisi chini. Ndani ya kamera yenye flashi kuna kapasita inayoweza kushika volti karibu 300 hata baada ya betri kutolewa, na mshtuko wake si wa kuchezea. Sensa nayo lazima ikae sambamba kwa usahihi wa sehemu ndogo sana za milimita. Skrubu moja ikikazwa zaidi, upande mmoja wa kila picha utabaki na ukungu. Irudishe kwa fundi aliyeifungua, pamoja na picha mbili: moja ya kitu cha mbali kwa mwanga wa kawaida, nyingine kwa filta yako, zote kwa f/4.